Uimara wa Toyota Noah inayozeeka

Toyota Noah ni gari la familia lenye viti 7 au 8 linalotengenezwa na kampuni ya Toyota ya nchini Japani. Jina lake ni umbo la Kiingereza la jina Nuhu. Makala hii inaeleza jinsi gari hilo linavyozeeka mikononi mwa wamiliki wa Afrika Mashariki, hasa Tanzania, Kenya na Uganda, ambako Noah nyingi zilizoko barabarani ziliagizwa zikiwa zimeshatumika.

Noah ina sifa ya kudumu. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ina sharti. Injini inayotunzwa huvumilia miaka mingi, na injini hiyohiyo ikichemshwa mara moja inaweza kuharibika kabisa. Wamiliki wengi hupata hasara kwa sababu waliiamini sifa wakasahau sharti.

Matoleo na alama zake

Jina Noah lilianza kutumika mwezi Oktoba 1996, Toyota ilipotoa LiteAce Noah na TownAce Noah. Haya ni magari mapacha yanayotofautiana kidogo kwa sura. Injini yake iko chini ya viti vya mbele na magurudumu yanayosukuma gari ni ya nyuma. Yalitengenezwa hadi mwaka 2001. Mengi yana injini ya petroli ya 3S-FE yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,998. Mengine yana injini ya dizeli yenye tabo, 3C-T, ya sentimita za ujazo 2,184. Mlango wa kuteleza uko upande wa kushoto tu.

Mwezi Novemba 2001 lilitoka toleo lililobadilishwa kabisa. Injini ilihamishiwa mbele, magurudumu ya mbele ndiyo yakawa yanavuta gari, na milango ya kuteleza ikawa pande zote mbili. Injini yake ni 1AZ-FSE ya petroli. Pacha wake aliitwa Voxy. Mwaka 2004 giaboksi ya otomatiki ya hatua 4 ilibadilishwa na giaboksi ya CVT.

Mwezi Juni 2007 lilifuata toleo lenye injini ya 3ZR-FE au 3ZR-FAE. Mwezi Januari 2014 likatoka jingine, ambalo pia lilikuwa na aina ya haibridi inayotumia injini ya lita 1.8 pamoja na mota ya umeme. Toleo lililotoka Januari 2022 bado ni changa, hivyo halizungumziwi hapa.

Mnunuzi anaweza kulitambua toleo kwa kusoma alama ya chesisi bila kutegemea maneno ya muuzaji. Herufi za mwanzo hutaja familia ya injini, na namba hutaja mwili wa gari:

- SR40 na SR50: toleo la 1996, injini ya petroli. SR50 huendeshwa kwa magurudumu yote 4.
- CR40 na CR50: toleo la 1996, injini ya dizeli.
- AZR60 na AZR65: toleo la 2001.
- ZRR70 na ZRR75: toleo la 2007.
- ZRR80 na ZRR85: toleo la 2014, injini ya petroli.
- ZWR80: toleo la 2014, haibridi.

Alama hizi ni muhimu pia wakati wa kununua spea. Mtu akiomba "pampu ya maji ya Noah" bila kutaja alama anaweza kuuziwa pampu ya injini nyingine.

Njia ya Noah kutoka Japani

Nchini Japani gari dogo la binafsi hufanyiwa ukaguzi wa lazima miaka 3 baada ya kusajiliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo pamoja na kodi zinazoambatana nao hugharimu fedha nyingi, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo mwenyewe anavyoona afadhali aliuze. Magari mengi yanayouzwa hivyo hupitia minadani, na sehemu yake hupakiwa melini kwenda nchi za nje. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Japani, kwa hiyo usukani hauhitaji kuhamishwa.

Sheria za nchi huamua Noah ya umri gani itaingia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia magari yenye zaidi ya miaka 15. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozeeka. Ndiyo maana Noah za SR40 zimeonekana kwa muda mrefu sana katika miji ya Tanzania kama Arusha, Moshi na Dodoma, huku Kenya ikipokea matoleo mapya zaidi kadiri miaka inavyosonga.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Noah inayoshuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa ikiwa na miaka 8 au 12 imekuwa chini ya ukaguzi wa lazima maisha yake yote. Imetembea kwenye lami na imemwagiwa oili safi kwa wakati. Miaka 3 au 4 ya kwanza baada ya kufika hapa, gari huwa bado linatumia akiba ya matunzo hayo. Mwenye gari huona haliharibiki, hujiambia kwamba gari hili ni imara, na hupunguza sevisi. Akiba inapokwisha, matatizo hufuatana.

Joto, adui wa kwanza

Ukiwauliza mafundi ni nini kinachoua Noah nyingi za zamani, jibu la kawaida ni "ilichemsha". Ili kuelewa sababu yake inafaa kukumbuka fizikia ya shule.

Maji ya kawaida huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, kiwango hicho hupungua kwa takriban nyuzi 1 kila mita 300. Arusha, iliyo karibu mita 1,400 juu ya bahari, maji huchemka kwa takriban nyuzi 95. Injini hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la karibu nyuzi 90. Bila msaada mwingine, maji yangekuwa karibu kuchemka muda wote.

Msaada huo huletwa na vitu viwili. Cha kwanza ni kofia ya rejeta, ambayo hufunga mfumo na kuacha mgandamizo upande. Mgandamizo huo huinua kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Cha pili ni kulanti, yaani kimiminika maalumu chenye dawa ya kuzuia kutu na magadi. Kofia ya rejeta ni spea ndogo na ya bei nafuu kuliko karibu zote, lakini raba yake ikichakaa mgandamizo hupotea na gari huanza kuchemsha mlimani.

Kujaza maji ya bomba badala ya kulanti ni kosa la kawaida. Maji ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki yana chumvichumvi zinazoganda ndani ya mirija ya rejeta, kama zinavyoganda ndani ya birika la chai. Mirija huziba kidogo kidogo bila mwenye gari kujua. Upande mwingine kutu hula mapezi ya pampu ya maji.

Katika SR40 na CR40 tatizo huongezeka kwa sababu ya umbo la gari. Rejeta iko mbele, injini iko chini ya viti, na mipira ya maji inayounganisha viwili hivyo ni mirefu. Baada ya kumwaga maji na kujaza upya, hewa inaweza kubaki ndani ya mipira na kuzuia mzunguko. Fundi asiyejua kuitoa hewa hiyo hulirudisha gari kwa mwenyewe, nalo likachemsha siku hiyohiyo. Tena, injini iliyofichwa chini ya kiti haiangaliwi mara kwa mara, na uvujaji mdogo unaweza kuendelea kwa miezi.

Hedi ya silinda ya 3S-FE na ya 3C-T ni ya aluminiamu, na bloku yake ni ya chuma cha kuyeyusha. Aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma hicho. Joto likizidi, hedi hupinda, gasketi hupasuka, na katika 3C-T hedi yenyewe mara nyingi hupata nyufa. Ndiyo maana Noah ya dizeli, ingawa ina nguvu za kuvuta mzigo na hutumia mafuta kidogo, huogopwa na wengi inapozeeka.

Dalili za hedi au gasketi iliyoharibika ni hizi:

- Maji hupungua lakini hakuna tone chini ya gari.
- Moshi mweupe hutoka kwa wingi hata baada ya injini kupata moto.
- Oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa.
- Mapovu hutokea kwenye rejeta injini ikiwa inanguruma.

Kuna hatari moja zaidi ambayo kila dereva anapaswa kuijua. Mshale wa joto kwenye dashibodi hupima joto la maji. Maji yakiisha kabisa, kipimo hubaki hewani na mshale unaweza kushuka au kutulia katikati huku injini ikiungua. Kwa hiyo mshale uliopanda kisha ukashuka ghafla si dalili ya nafuu. Gari linapaswa kusimamishwa na injini kuzimwa mara moja. Kofia ya rejeta isifunguliwe hadi injini ipoe, kwa maana maji yanayoruka huunguza uso na mikono. Maji baridi pia yasimwagwe ndani ya injini yenye moto, kwani huweza kupasua hedi.

Injini na mafuta

Injini ya 3S-FE hutumia mkanda wa raba wa taimingi, ambao pia huzungusha pampu ya maji. Mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 100,000. Raba huzeeka hata gari likisimama, kwa hiyo kwa Noah ya miaka mingi isiyo na kumbukumbu yoyote ni busara kuubadilisha mara baada ya kununua, pamoja na pampu ya maji na sili zinazovuja. Kazi ya kufungua ni ileile, hivyo kufanya vyote kwa pamoja huokoa gharama ya ufundi.

Mkanda ukikatika, injini ya 3S-FE huzima papo hapo, lakini kwa kawaida pistoni hazifikii valvu. Mkanda mpya huweza kulirudisha gari barabarani bila kufungua hedi. Hii ni sababu mojawapo ya mafundi kuipenda injini hiyo. Hata hivyo gari linalozima katika mteremko si jambo dogo. Usukani huwa mzito na breki huanza kuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache.

Injini za AZ na ZR hutumia cheni badala ya mkanda. Cheni haina tarehe ya kubadilishwa, lakini hutegemea oili safi. Oili ikicheleweshwa, cheni hulegea na kupiga kelele asubuhi injini inapowashwa.

1AZ-FSE hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mfumo huo huitwa D-4. Kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa, haizioshi, na masizi hujikusanya humo. Dalili yake ni injini kutetemeka ikiwa imesimama, kukosa nguvu na kula mafuta. Pampu yake ya mgandamizo mkubwa haipendi mafuta machafu. Jambo hili lina uzito hapa kwetu kwa sababu uchakachuaji wa mafuta, hasa kwa kuchanganya mafuta ya taa, uliwahi kuenea sana. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuutambua. Injini ya 3S-FE yenye mfumo rahisi huvumilia zaidi mafuta mabaya kuliko D-4.

Tatizo jingine linalotajwa katika injini za familia ya AZ ni bolti za hedi. Bloku yake ni ya aluminiamu, na baada ya joto kupanda na kushuka kwa miaka mingi, nyuzi za matundu ya bolti upande wa nyuma wa injini huweza kung'oka. Maji huanza kupenya na gari huchemsha. Kubadilisha gasketi peke yake hakusaidii. Matundu huchongwa upya na kuwekewa nyuzi za chuma.

Katika injini za ZR wamiliki hutaja mara nyingi pampu ya maji inayovuja na, kwa 3ZR-FAE, injini kula oili. Dawa ya awali ni tabia tu: kuangalia kijiti cha oili kila wiki, gari likiwa sehemu tambarare.

Giaboksi

Giaboksi ya hatua 4 ya matoleo ya zamani ni ngumu kuharibika endapo mafuta yake ni safi na hayapungui. CVT ya matoleo ya baadaye hufanya kazi tofauti. Ndani yake mkanda wa chuma hubanwa kati ya puli mbili zinazobadilisha upana, na kila kitu hutegemea msuguano sahihi. Inahitaji mafuta maalumu ya CVT. Ikijazwa mafuta ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki, mkanda huteleza na kukwaruza puli, na mara nyingi mwisho wake ni kununua giaboksi nyingine ya mtumba.

Dalili za CVT inayochoka ni gari kutetemeka linapoanza kuondoka, mlio wa kuvuma unaoongezeka na mwendo, na injini kupiga kelele bila gari kuongeza kasi. Mnunuzi afanye majaribio gari likiwa na abiria na kwenye mlima, kwa sababu uwanja wa muuzaji ni tambarare.

Kwa haibridi ya 2014, jambo la nyongeza ni betri kubwa ya nikeli. Betri hiyo hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Vumbi na mizigo iliyoziba tundu la feni huifanya ipate moto na kuzeeka mapema. Katika barabara za vumbi chujio la feni hiyo lisafishwe mara kwa mara.

Mwili, miguu na breki

Barabara za vumbi na matuta huchosha zaidi sehemu za chini. Shokapu, bushi, boljointi na bereni za magurudumu huisha mapema kuliko zilivyotarajiwa huko Japani. Kugonga na kuyumba ni lugha ya gari. Bushi iliyokatika hugharimu kidogo, lakini boljointi iliyochomoka hulaza gurudumu chini na gari hupoteza mwelekeo.

Kutu hutoka pande mbili. Gari lililotumika kaskazini mwa Japani lilipita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na kutu hiyo hujificha chini ya sakafu hata kama rangi ya juu inang'aa. Gari likiishi Tanga, Mombasa au Unguja, upepo wa bahari huendeleza kazi hiyo. Mnunuzi aliangalie gari kutoka chini, likiwa limeinuliwa.

Mlango wa kuteleza ni mahali pengine panapochoka. Vigurudumu vyake huisha kwa kufunguliwa mara nyingi kwa siku, na katika matoleo yenye mlango wa umeme waya wa kuvuta hukatika. Mlango usiofunga vizuri usichukuliwe kuwa kero tu, maana watoto hukaa karibu nao.

Tairi huwa na namba 4 zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye zaidi ya miaka 5 inastahili kukaguliwa kila mwaka, na iliyofika miaka 10 haifai hata kama kashata zake bado ni ndefu. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na maji yaliyomo huchemka breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu. Hubadilishwa takriban kila miaka 2.

Maisha ya aina tatu

Noah mbili za mwaka mmoja na rangi moja zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa. Kinachoamua ni maisha ziliyopitia.

Aina ya kwanza ni Noah ya familia ya mjini. Hupeleka watoto shule, huenda sokoni na kanisani au msikitini, na mara moja au mbili kwa mwaka husafiri kwenda kijijini. Kilomita zake ni chache, lakini safari fupi haziipi oili muda wa kupata moto na kukausha unyevu. Kwa gari kama hili, kubadilisha oili kwa kufuata miezi ni bora kuliko kusubiri kilomita. Siku ya kwenda kijijini huwa ndiyo siku ya majaribio makubwa: watu 8, mizigo, mlima na jua. Magari mengi huchemsha siku hiyo kwa sababu ugonjwa uliokuwapo tangu zamani haukuonekana katika safari fupi.

Aina ya pili ni Noah ya abiria. Katika mikoa ya kaskazini mwa Tanzania na katika baadhi ya miji ya Kenya, Noah zimetumika kama usafiri wa umma. Gari la namna hii hutembea kutwa nzima na huendeshwa na madereva tofauti. Injini yake huweza kuwa na afya nzuri kwa kuwa husevisiwa mara kwa mara, ilhali mwili, viti, mlango na miguu vimechoka sana. Baadhi hurudishwa sokoni baada ya kupakwa rangi na kuuzwa kama gari la familia. Matundu ya skrubu sakafuni, viti vilivyosogezwa na mlango uliolegea hutoa siri hiyo.

Aina ya tatu ni Noah iliyosimama. Mwenyewe alisafiri, alifariki, au alikosa fedha, na gari likakaa uani mwaka mzima. Kilomita zake ni chache na bei yake huvutia. Lakini raba zimekauka, petroli imeharibika, breki zimeshika kutu, na panya huenda wamekula nyaya. Gari hili huhitaji matengenezo kabla ya safari ya kwanza.

Kilomita za kwenye dashibodi

Kilomita zinazoonyeshwa si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa zinaweza kurudishwa nyuma. Hesabu rahisi husaidia. Gari la miaka 12 linaloonyesha kilomita 60,000 lingekuwa limetembea kilomita 5,000 kwa mwaka. Hilo linawezekana, lakini basi pedali za breki, usukani na kiti cha dereva viwe na sura ya gari lililotumika kidogo. Pedali iliyolika hadi chuma na usukani uliochubuka havikubaliani na hesabu hiyo.

Karatasi ya mnada kutoka Japani, ikipatikana, hutaja kilomita na alama ya hali ya gari. Herufi R humaanisha gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Namba ya chesisi pia ina faida nyingine. Toyota ya Japani hutangaza magari yanayopaswa kurekebishwa kwa kasoro za kiwandani, na mwenye gari anaweza kutazama kama namba yake imo. Gari likishauzwa nje ya nchi, barua za wito hazimfikii mmiliki mpya.

Kutengeneza au kuachana nalo

Swali hili huzikuta familia nyingi, na mara nyingi linakuja vibaya: fundi ametaja gharama, ada za shule zinasubiri, na gari ndilo linalobeba kila mtu. Uamuzi wa haraka katika hali hiyo huwa na makosa ya aina mbili. Wengine huuza kwa bei ya kutupa gari ambalo lingedumu miaka mingine 5. Wengine hutengeneza kila mwezi gari ambalo lilishakufa.

Hesabu ifuatayo, yenye namba za mfano tu, huonyesha njia. Tuseme familia ilitumia shilingi 1,800,000 kwa matengenezo katika mwaka mmoja na gari likatembea kilomita 12,000. Kila kilomita iligharimu shilingi 150, mbali na mafuta. Kiasi hicho kilinganishwe na kile ambacho familia ingelipa kwa nauli, au kwa kununua gari jingine na kulipa ushuru wake. Ni vyema pia kutenganisha matumizi ya aina mbili. Tairi, mkanda wa taimingi, shokapu na betri ni gharama za kurudisha hali, ambazo hazitarudi mwaka ujao. Hedi iliyopasuka kwa mara ya pili, kutu iliyotoboa fremu na giaboksi inayoteleza ni dalili za mwisho.

Injini ya mtumba ni njia inayotumiwa sana. Hufaa pale ambapo mwili ni mzima na chanzo cha kifo cha injini ya kwanza kimeondolewa. Kufunga injini nyingine huku rejeta iliyoziba ikiachwa ni kuipeleka injini mpya kwenye kaburi la ile ya zamani.

Kipimo cha mwisho ni usalama. Redio mbovu, kiyoyozi kilichokufa au rangi iliyopauka vinaweza kusubiri. Breki, tairi, boljointi, usukani, mikanda ya viti na mlango haviwezi. Ikiwa familia haina fedha za kutengeneza hivyo, gari lisimame hadi zipatikane, hata kama injini yake inanguruma vizuri.

Daftari la gari

Mazoea yanayoonekana kwa wamiliki ambao Noah zao zimedumu ni machache na hayahitaji utaalamu. Huangalia maji na oili kila wiki injini ikiwa imepoa. Hutumia kulanti na kubadilisha kofia ya rejeta. Hubadilisha oili na filta kwa wakati. Hufuata alama ya chesisi wanaponunua spea na huomba spea ya zamani waione kabla ya kulipa.

Zaidi ya yote huandika. Daftari la kawaida la shule hutosha: tarehe, kilomita, kilichofanyika, spea iliyofungwa na bei yake. Daftari humkumbusha mwenye gari kilichosahaulika, humzuia fundi kubadilisha kitu kilekile mara mbili, na huonyesha wazi mwaka ambao gharama zimeanza kupanda kupita kiasi. Siku ya kuuza, hilo ndilo jibu la swali ambalo kila mnunuzi huuliza, kama gari lilitunzwa.